Wanawake Wanane kati ya Elfu Kumi

Mwezi Machi mwaka huu nilikaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, kando ya mke wangu, nikiwa nimeshika bahasha ya majibu ya vipimo. Mashauriano hayakuzidi dakika kumi. Mke wangu, mwenye umri wa miaka 47, alieleza hali yake kwa utaratibu wa mwalimu: hedhi isiyotabirika kwa mwaka wa pili sasa, joto linalopanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, jasho la usiku, usingizi unaokatika saa nane na kutorudi tena, na usahaulifu ulioanza kumtia hofu. Kisha akauliza kuhusu tiba ya homoni, ambayo aliisikia kwa mwalimu mwenzake. Daktari akaweka kalamu mezani.

"Mama, hizo dawa zinaleta saratani. Vumilia, ni kipindi tu, kitapita."

"Zinaleta kwa wangapi, daktari?"

Daktari akatabasamu. "Kwani wewe ungependa uwe wa ngapi?"

Sitaitaja hospitali hiyo, wala simlaumu sana daktari yule. Nje kulikuwa na foleni ndefu, na alizungumza nasi kwa upole. Lakini tulipokuwa tunaagana nilimwuliza alihitimu mwaka gani, akajibu kwamba ni mwaka 2004. Kwa mtu anayeishi kwa kufundisha historia, jibu hilo lilieleza mengi. Daktari wetu alikuwa mwanafunzi wa udaktari mwaka 2002, na sentensi aliyomwambia mke wangu, bila yeye kujua, ilikuwa na tarehe yake ya kuzaliwa: tarehe 9 Julai mwaka huo, mjini Washington.

Makala haya ni jaribio la kujibu swali la mke wangu. Ikumbukwe kwamba udaktari wangu ni wa vitabu. Simwandikii mtu dawa. Mama Neema ameyasoma yote kabla ya kuchapishwa na amefuta aya mbili. Ameniruhusu kueleza kwamba kabla ya kufika kwa daktari huyo alikuwa amepimwa malaria mara tatu kwa sababu ya jasho la usiku, akapimwa shinikizo la damu, kisha akaandikiwa dawa ya usingizi. Ameniruhusu pia kusema kwamba mama yake mdogo, aliyemlea kwa miaka minne alipokuwa shule ya msingi, alifariki kwa saratani ya titi. Kwa hiyo neno "saratani" lilipotamkwa katika chumba kile halikuwa neno la kitabuni. Wiki iliyofuata alimwandikia mkuu wa shule akiomba kuachia nafasi ya mwalimu wa taaluma, nafasi aliyoisotea kwa miaka kumi na moja. Barua hiyo bado iko mezani kwake nyumbani, haijapelekwa.

Tuanze na maana. Ukomo wa hedhi huhesabiwa mwanamke anapokuwa ametimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Lakini mwili haufiki hapo kwa siku moja. Kuna miaka kadhaa ya kuelekea huko, ambayo ovari hutoa homoni bila mpangilio: mwezi huu nyingi, mwezi ujao kidogo. Dalili nyingi zinazowasumbua wanawake huanza katika miaka hiyo, wakati hedhi bado ipo na mimba bado inawezekana. Mke wangu yumo katika kipindi hicho. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa maana nitalirudia mwishoni.

Neno linalotumika katika lugha nyingi za Ulaya kwa ukomo wa hedhi lilibuniwa na daktari Mfaransa, Gardanne, katika kitabu cha mwaka 1821. Kabla yake hali hiyo ilikuwepo, bila shaka, lakini haikuwa na jina la kitabibu, na jambo lisilo na jina la kitabibu halina dawa ya kuuzwa. Dhana ya kurudisha kile ambacho tezi za mwili zimeacha kutoa ilipata umaarufu baadaye, mwaka 1889, pale Charles-Édouard Brown-Séquard, mwanasayansi mzaliwa wa Mauritius, alipolitangazia jopo la wasomi mjini Paris kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za wanyama na kwamba, akiwa na miaka 72, amerudiwa na nguvu za ujana. Napenda kuwakumbusha wanaume wenzangu tukio hilo kila tunapowacheka wanawake kwa kutafuta tiba: mvumo wa kwanza wa dawa ya kurudisha ujana ulikuwa wa wazee wa kiume.

Kemia ilikuja baadaye. Mwaka 1929 Edward Doisy huko Marekani na Adolf Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walifanikiwa kuitenga homoni ya kwanza ya jamii ya estrojeni. Waliipata katika mkojo wa wajawazito. Tatizo likawa wingi: mkojo wa wanawake haukutosheleza biashara. Suluhisho likawa farasi jike wenye mimba, ambao mkojo wao una estrojeni kwa kiasi kikubwa. Dawa iliyotokana nao, Premarin, iliingia sokoni Kanada mwaka 1941 na Marekani mwaka 1942, na jina lake limeundwa kwa vipande vya maneno ya Kiingereza yenye maana hiyo hiyo, mkojo wa farasi wajawazito. Nilipomweleza mke wangu alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile, kisha akauliza kama ndiyo hiyo aliyotaka kuandikiwa. Nilimjibu kwamba bado ipo, ila siku hizi zipo pia estrojeni zinazofanana kabisa na ile ya mwili wa binadamu, za vidonge, jeli na vibandiko vya ngozi.

Kwa miaka ishirini na zaidi dawa hiyo ilitumika kwa kiasi, kwa wanawake waliolalamika. Mageuzi yalikuja mwaka 1966, na yaliletwa na kitabu. Daktari wa wanawake wa Brooklyn, New York, Robert Wilson, alichapisha *Feminine Forever*, kitabu kilichodai kwamba ukomo wa hedhi ni ugonjwa wa upungufu, kama ulivyo ugonjwa wa kisukari, na kwamba kila mwanamke anapaswa kumeza estrojeni maisha yake yote. Lugha yake juu ya wanawake wasioitumia ilikuwa ya dharau, nami sitaitafsiri hapa. Kitabu kiliuza takriban nakala 100,000 katika miezi saba. Mwaka 2002 mwanawe Wilson alilieleza gazeti la New York Times kwamba gharama za kukiandika zililipwa na kampuni ya Wyeth, watengenezaji wa Premarin. Wasomaji wa mwaka 1966 hawakuambiwa hilo.

Hapo ndipo tunapaswa kusimama kidogo. Mwanamke wa New York mwaka 1966 aliambiwa na daktari wake: meza. Mwanamke wa Dar es Salaam mwaka huu ameambiwa na daktari wake: usimeze. Amri hizi mbili zinaonekana kupingana, lakini kimuundo ni moja. Katika zote mbili mwanamke anapewa hitimisho, hapewi hesabu.

Hesabu ya kwanza ilikuja Desemba 1975. Tafiti mbili zilizochapishwa katika toleo moja la jarida la tiba la New England zilionyesha kwamba wanawake waliotumia estrojeni peke yake walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, mara kadhaa zaidi, wa kupata saratani ya utando wa ndani wa mji wa mimba. Sababu inaeleweka: estrojeni hukuza utando huo, na bila homoni ya pili, projesteroni au dawa za jamii yake, hakuna kinachouzuia. Matumizi yakaporomoka. Baadaye madaktari wakaanza kuongeza hiyo homoni ya pili kwa kila mwanamke mwenye mji wa mimba, na hatari hiyo ikadhibitiwa. Huo ndio utaratibu hadi leo: aliyeondolewa mji wa mimba anaweza kutumia estrojeni peke yake, ambaye bado anao hutumia zote mbili.

Lakini kwa maoni yangu jambo kubwa zaidi la miaka hiyo lilikuwa karatasi. Wanaharakati wanaosoma ukurasa huu watanisamehe nikikaa hapa kidogo.

Januari 1970 Seneta Gaylord Nelson aliendesha vikao mjini Washington kuhusu usalama wa vidonge vya uzazi wa mpango, vikichochewa na kitabu cha mwandishi Barbara Seaman kilichotoka mwaka uliotangulia. Wataalamu waliitwa kutoa ushahidi, wanaume watupu. Wanawake vijana waliokuwa wamekaa kama wasikilizaji wakaanza kusimama na kupaza sauti: kwa nini hakuna mtumiaji hata mmoja wa vidonge hivyo aliyeitwa? Walitolewa nje, wakarudi siku nyingine. Mwaka huo huo serikali ikaamuru vidonge vya uzazi wa mpango viambatane na maelezo mafupi kwa mtumiaji mwenyewe. Leo tunafungua kiboksi cha dawa, tunaitoa ile karatasi iliyokunjwa mara nane na kuitupa bila kuisoma. Ilipatikana kwa watu kukubali kutolewa ukumbini.

Baada ya tafiti za 1975, mwaka 1977 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaagiza estrojeni nazo ziwe na karatasi ya mgonjwa, inayotaja saratani kwa lugha ya kawaida. Nani alipinga? Chama cha watengenezaji wa dawa kilikwenda mahakamani, na kilichosikitisha zaidi, chama cha kitaaluma cha madaktari wa wanawake kikasimama upande wake. Hoja yao ilikuwa kwamba karatasi hiyo itaingilia uhusiano kati ya daktari na mgonjwa. Mtandao wa kitaifa wa afya ya wanawake, shirika la wanaharakati lililoanzishwa mwaka 1975, ukaingia katika kesi kuitetea karatasi. Mwaka 1980 mahakama ya shirikisho huko Delaware iliwakatalia watengenezaji na madaktari. Nilipoisoma kesi hiyo nilikumbuka lile tabasamu la Machi. Hoja ya kwamba mgonjwa akijua idadi atachanganyikiwa ina umri mrefu, na iliwahi kushindwa mahakamani.

Turudi kwenye dawa. Katika miaka ya 1980 tiba ya homoni ilifufuka, safari hii kwa jina la kinga. Utafiti mkubwa wa kufuatilia wauguzi wa Marekani, ulioanza mwaka 1976, ulionyesha kwamba waliotumia homoni walipata maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko wasiotumia. Mwaka 1992 chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha huko kilishauri kwamba tiba hiyo ifikiriwe kwa wanawake wote waliokoma hedhi. Kufikia mwaka 1999 takriban wanawake milioni 15 wa Marekani walikuwa wakiitumia.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wangeuona udhaifu. Wauguzi waliochagua homoni hawakuwa sawa na wale ambao hawakuzichagua: kwa kawaida mwanamke anayetafuta tiba hiyo ana kipato, ana daktari wa kudumu, hufanya mazoezi na hupima afya mara kwa mara. Je, moyo wake umelindwa na kidonge au na maisha yake? Ni sawa na kusema kwamba kumiliki gari huzuia utapiamlo kwa sababu watoto wa wenye magari hawana utapiamlo. Njia ya kulijua jambo hilo ni moja: kugawa watu kwa bahati nasibu, nusu wapewe dawa na nusu wapewe kidonge kitupu, bila wao kujua.

Ndivyo ilivyofanyika. Mwaka 1991, taasisi za taifa za afya za Marekani zikiwa chini ya Bernadine Healy, mwanamke wa kwanza kuziongoza, ulianzishwa mpango mkubwa wa utafiti wa afya ya wanawake. Katika tawi lake moja wanawake 16,608 wenye mji wa mimba waligawanywa hivyo. Nusu moja ilimeza estrojeni ya farasi pamoja na dawa ya jamii ya projesteroni. Utafiti ulipangwa kudumu miaka minane na nusu. Ulisitishwa baada ya wastani wa miaka 5.2, na tarehe 9 Julai 2002 watafiti wakauita mkutano na waandishi wa habari.

Habari iliyozunguka dunia ilikuwa hii: tiba ya homoni inaongeza saratani ya matiti kwa asilimia 26. Ni kweli. Lakini asilimia 26 ya ngapi? Kati ya wanawake 10,000 waliomeza kidonge kitupu, 30 walipata saratani ya matiti katika mwaka mmoja. Kati ya 10,000 waliomeza homoni, walikuwa 38. Tofauti yake ni wanawake wanane. Aidha, kati ya elfu kumi hao kwa mwaka kulikuwa na matukio saba zaidi ya maradhi ya moyo, viharusi vinane zaidi, na wanane zaidi waliopata damu iliyoganda na kufika mapafuni. Upande wa pili, waliovunjika nyonga walipungua kwa watano na waliopata saratani ya utumbo mpana walipungua kwa sita. Vifo kwa jumla havikutofautiana.

Sitaki nieleweke vibaya. Wanawake wanane si bure. Kwa dawa ambayo mamilioni waliambiwa waimeze wakiwa wazima, ili kuilinda mioyo yao, wanane ni wengi mno, na watafiti walikuwa sahihi kusitisha. Swali lao lilikuwa: je, tuwape homoni wanawake waliokwisha kukoma hedhi ili kuzuia maradhi ya uzeeni? Jibu likawa hapana, nalo ni jibu zuri. Kosa lilikuwa la wale waliolichukua jibu hilo na kulibandika juu ya swali jingine kabisa: je, mwanamke asiyelala kwa sababu ya joto, na ambaye kazi yake inaanza kumponyoka, anaweza kutumia dawa hii kwa miaka michache?

Maandiko ya madaktari yaliyotolewa kwa tiba hiyo nchini Marekani yalishuka kutoka takriban milioni 90 kwa mwaka hadi milioni 57 mwaka 2003. Tawi la pili la utafiti, lenye wanawake 10,739 walioondolewa mji wa mimba na waliotumia estrojeni peke yake, lilisitishwa mwaka 2004 kwa sababu ya viharusi. Katika tawi hilo saratani ya matiti haikuongezeka, na ufuatiliaji wa miaka mingi baadaye ulionyesha kwamba ilipungua. Habari hiyo haikuzunguka dunia. Mwaka 2007 watafiti walichapisha uchambuzi mpya uliowatenganisha wanawake kwa umri, ukaonyesha kwamba madhara ya moyo yalielemea zaidi kwa waliokuwa wametimiza miaka mingi tangu hedhi ikome. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya miaka 18 ya ufuatiliaji: vifo vya waliotumia homoni na vya wasiotumia havikutofautiana. Hayo nayo yalisomwa na wachache. Daktari wetu alikwisha kuhitimu na kuingia kazini, mahali ambapo anahudumia watu arobaini kwa siku na ambapo hakuna anayempelekea majarida.

Ni haki nieleze pia yale yanayoelemea upande wa hofu, maana Mama Neema alinionya nisiandike kama muuza dawa. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha majumuisho ya tafiti nyingi za dunia kuhusu homoni na saratani ya matiti. Kwa mwanamke anayeanza akiwa na miaka 50 na kutumia homoni mbili kila siku kwa miaka mitano, makadirio yalikuwa kwamba kwa kila watumiaji 50 atapatikana mmoja wa ziada mwenye saratani hiyo katika miaka ishirini ifuatayo. Kwa estrojeni peke yake ni mmoja kwa kila 200. Mmoja kati ya hamsini ni zaidi ya nilivyotarajia. Nilipomsomea namba hiyo alinyamaza kwa muda, nikajua kwamba anamfikiria mama yake mdogo. Hata hivyo alisema jambo lililonishangaza: kwamba namba hiyo haikumtisha kama lile tabasamu.

Mashirika ya kitaalamu, likiwamo lile la Amerika ya Kaskazini linaloshughulikia ukomo wa hedhi katika tamko lake la 2022, sasa yanasema kwamba kwa mwanamke wa chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka kumi tangu ukomo, mwenye dalili nzito na asiye na kizuizi cha kiafya, faida kwa kawaida huzidi hatari. Vizuizi vipo: aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyewahi kuganda damu, mwenye ugonjwa mkubwa wa ini, anayetokwa na damu isiyojulikana chanzo. Tafiti za kufuatilia watumiaji zinaonyesha pia kwamba estrojeni inayopita kwenye ngozi haileti hatari ya kuganda kwa damu kwa kiwango cha ile ya kumeza. Novemba 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuondoa katika vifungashio sehemu kubwa ya onyo kali lililowekwa baada ya 2002. Kuondoa onyo lililopitwa na ushahidi ni jambo jema. Ila baadhi ya kauli zilizoambatana na tangazo hilo zilirudia ahadi za kulinda moyo na akili, nami niliposikia hivyo nilimkumbuka Wilson wa 1966. Tumeshawahi kulala kwenye nyumba hii.

Sasa, hapa kwetu. Nimesikia katika vikao, na vijiwe vya wasomi havikosi msemaji wa aina hiyo, kwamba haya ni mambo ya wazungu na kwamba bibi zetu hawakuwa na joto la ghafla. Bibi zetu hawakuulizwa. Bado hawaulizwi. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanaufahamu utafiti wa taifa wa demografia na afya, ambao ndio msingi wa mipango yetu mingi. Wanawake wanaohojiwa katika utafiti huo ni wa miaka 15 hadi 49, umri wa kuzaa. Mwanamke akitimiza miaka 50 anatoka kwenye dodoso. Tunajua alizaa wangapi, wapi, kwa msaada wa nani, na alitumia njia gani kupanga uzazi. Tunaacha kumwuliza habari za afya yake kwa wakati uleule ambao mwili wake unabadilika kwa namna ambayo haujawahi kubadilika tangu alipovunja ungo.

Kuna kinaya kingine. Dawa ya pili iliyokuwa katika kile kidonge cha utafiti wa 2002 inaitwa medroksiprojesteroni. Ndiyo iliyomo katika sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango, Depo-Provera, inayojulikana katika kliniki zetu hadi vijijini. Sisemi haya ili kuitia sindano hiyo shaka. Kipimo, njia na umri wa watumiaji ni tofauti, na hatari haziwezi kuhamishwa kutoka huku kwenda kule. Nasema kwa sababu mfumo wetu wa afya hauogopi homoni. Umezigawa kwa miongo mingi, umewafundisha wauguzi kuzieleza, umechapisha mabango yake kwa Kiswahili chepesi. Mama Neema alipokuwa na miaka 30 muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto alikaa naye nusu saa akimweleza njia tano, faida na maudhi ya kila moja, kisha akamwambia: chagua. Akiwa na miaka 47 alipewa dakika kumi na neno "vumilia". Yule muuguzi hakuwa na elimu kubwa kuliko daktari bingwa. Alikuwa na mwongozo, na mwongozo ulimwamuru kuuliza mama mwenyewe anataka nini.

Majuma mawili yaliyopita, baada ya chakula cha usiku, nilimweleza mke wangu yote haya kwa mpangilio, nikijivunia kidogo kwamba sasa nimepata jibu la swali lake. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza:

"Baba Neema, katika hao elfu kumi na sita, kulikuwa na wangapi kama mimi?"

Nilirudi kwenye karatasi. Waliosajiliwa walikuwa wa miaka 50 hadi 79, wastani miaka 63, wote waliokwisha kukoma hedhi. Vituo vyote 40 vilikuwa Marekani, na asilimia 84 ya wanawake hao walikuwa wazungu. Wa miaka 47, ambaye hedhi yake bado inakuja na kuondoka, hakuwapo hata mmoja.

"Hakuna," nikamjibu.

Alichukua daftari lake la maandalio ya somo, akaligeuza upande wa nyuma na kuanza kuandika. Maswali yamefika tisa sasa. La kwanza linahusu ugonjwa wa mama yake mdogo na uzito wake katika hesabu yake yeye. La nne linahusu kibandiko na kidonge. La saba linauliza ni lini ataacha, iwapo ataanza. Hajaamua. Barua kwa mkuu wa shule bado iko mezani. Alhamisi ijayo ana miadi na daktari mwingine, mwanamke, aliyeelekezwa na yule mwalimu mwenzake. Mimi nimeambiwa nitasubiri nje.